Kwa Mwandiko Wangu

Kazi ya kufundisha haki za binadamu nilipewa kwa sababu sikuwa na nafasi ya kukataa. Sababu nyingine zote nilizowahi kuwaambia watu, kwamba nina wito, kwamba niliona mengi kule Kivu, nchini Kongo, ni maneno ya kujipamba. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akaniambia kuna shirika limeleta vitabu na mabango, linataka kila shule iwe na kilabu cha haki, na kilabu kinahitaji mlezi. Walimu wenzangu walikuwa wameshajitoa wote. Mmoja alikuwa na kwaya, mwingine timu ya mpira, na mwingine mgongo ulikuwa umeanza kumuuma asubuhi ile ile.

"Wewe ndiyo unafaa," mkuu alisema. "Wewe ni mkimbizi. Hii mambo ya haki unaijua."

Alisema kwa nia njema kabisa. Ni mtu mpole, anavaa koti hata jua likiwaka, na alikuwa amenitendea wema ambao nisingeweza kuusahau hata kama ningetaka. Diploma yangu ya ualimu niliipata Bukavu, na kila shule ya Kampala niliyobisha hodi iliitazama kama karatasi ya kufungia karanga. Yeye peke yake, pale Nateete, alisema anatafuta mtu wa Kiswahili, nianze kazi, mambo ya kusajiliwa tutayashughulikia baadaye. Hiyo baadaye haijafika mpaka leo. Nilikuwa nafundisha kwa neno lake tu, na binti yangu alisoma darasa la nne katika shule hiyo hiyo kwa sababu mama yake ni mwalimu wa pale. Kwa hiyo mkuu aliposema ninafaa, nilifaa.

Shule yenyewe imebanwa nyuma ya soko, kati ya karakana ya milango ya chuma na kanisa la mabati. Ukuta wake ni mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa, na geti ni moja. Kilabu kilikutana kila Jumatano saa nane mchana, watoto wakiwa wamekula posho, yaani ugali, na maharage, macho yakiwalegea. Niliwafundisha kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu kinatembea kwa mkongojo. Watoto wa Kikongo walikuwa nyumbani kabisa, watoto wa polisi na wanajeshi walikizungumza tangu kambini, na wale wa Kiganda walikuja kwa sababu mkuu aliwaambia ni mazoezi ya mtihani.

Siku ya kwanza nilibandika bango ukutani, nikauliza, nani ana haki? Mtoto mmoja wa Kikongo akasema, "Mwenye iko na kadi ya mkimbizi." Mwingine akasema, "Mkuu." Halafu akasimama msichana mrefu wa darasa la saba, binti wa polisi mmoja wa kaskazini. Baba yake alikuwa kituo cha Nateete, akahamishiwa Naguru, lakini mtoto akaachwa kwetu ili asivuruge mwaka wa mtihani, na kila asubuhi alivuka mji mzima kuja shule.

"Kila mtu iko na haki," alisema, "lakini si saa zote."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Nikamwambia jibu lake ni sahihi nusu, nikamwonyesha kwenye bango panaposema saa zote. Aliusoma ule mstari kwa muda mrefu, midomo ikimchezacheza, kisha akakaa.

Lazima niseme pia kwamba siku ile nilikuwa na rula mkononi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mtoto akinong'ona nikiwa nimegeukia ubao, mkono wangu ulikuwa unamfikia kabla ya akili. Nilikuwa nasimama chini ya bango lililoandikwa kwamba mtoto asipigwe, nikilielekeza kwa rula ile ile niliyowapigia vidoleni, na sikuona ajabu yoyote. Hata watoto hawakuona, au waliona wakauma ulimi.

Wazo la sanduku lilitoka kwa shirika. Watoto waandike malalamiko yao, wayatumbukize, na uongozi uyasikie. Mkuu alikubali haraka kwa sababu sanduku linapendeza kwenye picha. Fundi wa mbao wa pale barabarani akatutengenezea moja, akaliachia mwanya juu, tukalitundika nje ya chumba cha walimu likiwa na kufuli. Ufunguo nilikaa nao mimi. Nikawaahidi watoto: msiandike majina, hakuna atakayejua nani kaandika nini.

Yule msichana mrefu akainua mkono. "Lakini mwalimu, wewe unajua mwandiko ya kila mtu."

Wakacheka tena, na mimi nikashikwa na aibu maana ni kweli kabisa. Mwalimu anayesahihisha madaftari ya madarasa manne anaujua mwandiko wa mtoto kuliko sura yake. Na si mimi tu, walimu wote wa pale wangeutambua. Nikafikiri palepale, mbele yao, nikapata jibu nililoliona la busara sana. Nitazinakili barua zote kwa mkono wangu mwenyewe, nikawaambia, kwenye karatasi moja. Zenu nitazichoma. Kwa mkuu itafika karatasi moja yenye mwandiko mmoja, wangu.

"Na wewe?" msichana akauliza.

"Mimi nitasahau," nikasema. "Ni kama sijaona."

Nilirudi nyumbani siku ile nikijiona nimegundua dawa. Kila Alhamisi jioni nilifungua sanduku, nikazibeba barua kwenye mkoba, nikanakili mezani huku binti yangu akipuliza makaa, kisha nikazisukumia ndani ya sigiri moja moja. Ijumaa niliisoma orodha kwenye kikao cha walimu. Maharage yana wadudu. Choo cha wasichana hakina komeo. Mwalimu wa hesabu anakuja kipindi kimebaki dakika kumi. Na wiki ya kwanza kabisa, katikati ya hayo: mwalimu wa haki anatupiga rula kwenye vidole.

Hiyo nusura niiache ianguke chini ya meza. Niliinakili, nikaisoma kikaoni masikio yakiwaka moto, na walimu wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Rula nikaifungia kwenye droo. Ndani ya mwezi mmoja choo cha wasichana kikapata komeo, na maharage yakaanza kuchambuliwa. Nilimpigia simu dada yangu Bukavu nikamweleza kuhusu komeo lile kama mtu aliyejenga daraja.

Halafu ikaja barua nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuzisoma zote ndogo ndogo, ikabaki hiyo iliyokunjwa mara nne. Niliitambua kabla sijasoma neno la kwanza, kwa vile viduara ambavyo msichana yule mrefu alikuwa anachora badala ya nukta. Naiandika hapa kama ninavyoikumbuka, na naikumbuka yote.

"Mwalimu wa nidhamu alinifunga stoo siku ya Jumatatu, kutoka saa ya breki mpaka watoto wote walienda nyumbani. Alisema nilipiga kelele. Mimi sikupiga. Nikamwambia mtoto iko na haki ya kusikilizwa, ile tulifundishwa. Akasema sawa, nenda usikilizwe na panya. Ndani hakuna taa. Niliita sana, hakuna mtu alifungua. Nilikojoa kwa nguo. Sasa kila siku akinipita anauliza kama panya walinisikiliza."

Stoo ni chumba cha mwisho wa korido, hakina dirisha, kimejaa magunia ya unga wa posho na maharage. Mlango wake wa chuma ulitoka karakana ya jirani. Nilijua kwamba watoto hufungiwa humo dakika chache, walimu wote tulijua, na tulikuwa tumevaa miwani ya mbao. Kilichonichoma zaidi ni kwamba maneno yaliyomfungisha yalikuwa yangu. Kama ningekuwa nawafundisha utenzi au methali, mtoto yule angekula chakula chake cha mchana na kwenda darasani. Nililia pale mezani, na binti yangu akaniuliza kama moshi umeniingia machoni.

Nikanakili. Na hapo nikafanya kosa ambalo nadhani ni mwalimu tu anayeweza kulifanya: nilisahihisha. Mkono wangu haujui kuacha sentensi kama ilivyo. Nikainyoosha hapa, nikaipanga kule, nikaondoa panya kwa sababu waliniudhi, na mwisho nikaongeza kwa hasira yangu mwenyewe kwamba kitendo hicho ni kinyume cha haki na utu wa mtoto. Nilipomaliza ilikuwa barua nzuri sana. Nikaichukua ile ya kweli, nikaiweka juu ya makaa, nikaitazama ikijikunja.

Ijumaa niliisoma. Nilitegemea watu washtuke. Badala yake wakatazamana, kama watu wanaosubiri kuona nani ataanguka.

Mwalimu wa nidhamu si jitu la kutisha. Ni kijana mcheshi, watoto wanampenda siku za michezo, na aliwahi kunibebea gunia la makaa kutoka stendi mpaka mlangoni kwangu. Alinigeukia bila haraka.

"Hiyo balua iko wapi?" aliuliza.

"Ni hii."

"Hapana. Ile ya mtoto."

"Niliichoma. Huwa ninazichoma."

Mkuu akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisoma polepole, miwani imemshuka puani. "Hii ni mwandiko yako," alisema.

"Ni wangu, mkuu. Ninanakili, unajua."

"Hii maneno pia ni yako. 'Utu wa mtoto.' Banange, jamani, mtoto gani wa Nateete anaongea hivi? Hii ni Kiswahili ya mwalimu." Walimu wawili wakacheka kidogo. "Kwa hiyo mtoto hayuko."

"Yuko."

"Anaitwa nani?"

Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikuwa na jambo la kutafuta kwenye mkoba wake. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Kwa muda wote ule nilidhani ninawajengea watoto ukuta wa kujificha, kumbe nilikuwa nimejifungia ndani yake peke yangu.

Baada ya kikao mkuu aliniita. Akafunga mlango, akanipa maji ya kunywa, akaniambia kuna njia mbili tu. Ya kwanza, nimlete mtoto na mzazi wake mbele ya kamati ya nidhamu, aseme mwenyewe. Lakini alinitahadharisha kwamba mtoto anayemshtaki mwalimu miezi michache kabla ya mtihani wa taifa hawezi kubaki shuleni, itabidi akasomee nyumbani. Sote wawili tulijua maana yake. Ya pili, niandike karatasi, nikiri kwamba barua niliitunga, niisome kwenye paredi siku ya Jumatano mbele ya shule nzima, yaishe.

"Tukimaliza hivyo tunasahau," alisema. "Kilabu inaendelea. Wageni wanakuja mwezi ujao kuona sanduku."

"Na nikikataa zote mbili?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Nnyabo," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "mimi ndiyo nilikuweka hapa. Usinifanye nianze kueleza watu kwa nini nilikuweka."

Mtu atauliza kwa nini sikwenda kushtaki. Nilifikiria, sana. Namba za kupiga zilikuwa chini ya bango langu mwenyewe, nilikuwa nimewakaririsha watoto. Lakini kila ofisi swali lake la kwanza ni moja: wewe ni nani, unafundisha wapi, umesajiliwa lini? Nisingelijibu hilo bila kumfukuzisha kazi mtu aliyenipokea, na kumtoa binti yangu darasani, na kurudi kutembeza diploma yangu tena. Niliogopa. Sina neno jingine zuri zaidi la kuweka hapo.

Jumamosi nilikwenda Naguru. Nilijiambia nampelekea msichana karatasi za mazoezi, na kweli nilikuwa nazo. Kichwani nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba baba yake, mtu wa sheria, angesema neno moja la kunipa nguvu. Bodaboda ilinipandisha mlima, ikapita nyumba za matajiri na maua yao, ikanishusha kwenye geti la nyumba za polisi, pale nguo zinapoanikwa kwenye nyaya kutoka mlango hadi mlango. Baba alikuwa mapumzikoni, amevaa fulana, anang'arisha viatu vya kazi. Alinikaribisha kwa furaha, akanipa kiti cha pekee chenye mto.

"Mwalimu kufika mpaka hapa! Mtoto, leta chai kwa mwalimu."

Tukazungumza habari za masomo. Kisha nikazunguka, nikazunguka, nikamuuliza: afande, mzazi wa hapa kambini akisikia mtoto kafungiwa chumbani shuleni, peke yake, gizani, atasema nini?

"Amefanya nini?"

"Tuseme hakufanya kitu."

Akacheka, kicheko cha mtu mwema anayemsikia mwenzake akisema jambo la kitoto. "Mwalimu, mimi niko na hii kazi ya kufunga watu miaka mingi. Sijaona mtu alifungwa bure. Kila moja iko na kitu alifanya, hata kama yeye hajui. Huyu wangu akifungwa shule, akifika hapa mimi namuongezea."

Msichana alikuwa amepiga magoti ananimiminia chai. Kikombe kilijaa mpaka pale kinapotakiwa. Baba akamgusa bega kwa upendo, naye akatabasamu. Nilikunywa chai ile ikiwa moto vile vile, niungue haraka niondoke.

Alinisindikiza mpaka getini. Tulitembea, mimi nikitazama nguo za watu kwenye nyaya. Tulipofika alisimama mbele yangu.

"Mwalimu, ulitaka kuniuliza kitu?"

Nilikuwa nimeahidi kwamba hakuna atakayejua, hata mimi. Nikimuuliza, nimeivunja ahadi. Ndivyo nilivyojiambia pale getini, na nilijiambia haraka sana.

"Hapana," nikasema. "Soma hesabu. Hesabu ndiyo itakuangusha."

"Sawa, mwalimu," alisema, na akarudi ndani.

Jumanne jioni niliandika ile karatasi. Mkuu alitaka iwe kwa mkono wangu, si kwa kompyuta. Mimi, mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa kilabu, nakiri kwamba barua niliyoisoma kikaoni niliitunga mwenyewe, na hakuna mtoto yeyote aliyefungiwa. Niliirudia mara tatu kwa sababu mwandiko ulikuwa unatoka mbaya.

Jumatano asubuhi shule nzima ilisimama kwenye mistari, wadogo mbele, darasa la saba nyuma. Karakana ya jirani ilikuwa inakata chuma, mkuu akatuma mtu akawaombe wanyamaze dakika tano, wakanyamaza. Nikasoma. Niliposema "hakuna mtoto yeyote", sauti haikukatika, na mpaka leo nashangaa haikukatika. Mwalimu wa nidhamu akasogea mbele, akasema ni jambo kubwa mtu mzima kukubali kosa lake, kwa hiyo tumpe mwalimu wetu makofi. Watoto wakapiga yale makofi ya mpangilio wanayofundishwa tangu chekechea, matatu, moja, matatu. Darasa la saba walikuwa warefu kuliko wengine na yule msichana alikuwa mrefu kuliko wao, kwa hiyo nilimwona bila kumtafuta. Alikuwa anapiga makofi na wenzake, sawasawa na mdundo. Nilihamisha macho mara moja, nisije nikamtaja kwa kumtazama.

Jioni binti yangu alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akavipanga, akabaki ameinama juu yake.

"Mama, ni kweli ulibongopa?"

"Ndiyo," nilimwambia. Ana miaka tisa na ana marafiki. Nisingeweza kumwambia kitu kingine.

"Batoto banasema wewe ni mwalimu wa kubongopa."

"Wataacha," nikasema. Hawakuacha muhula huo.

Kilabu kiliendelea, kama nilivyoahidiwa. Watoto walikuja, wakakaa mikono mezani, wakajibu kila swali kama lilivyoandikwa kitabuni. Hakuna aliyesema tena "lakini". Sanduku nililifungua kila Alhamisi na ndani nilikuta barua za kushukuru: tunashukuru mkuu, tunashukuru walimu wote, tunashukuru kwa maharage. Nilizinakili hizo pia. Wageni wa shirika walipokuja walizisoma, wakapiga picha nikiwa nimeshika ufunguo, wakasema shule yetu ni ya mfano. Mkuu alinipa mkono mbele yao na mkono wake ulikuwa na joto.

Stoo haikuacha kutumika. Darasa la kilabu liko upande ule wa korido, na Jumatano moja, nikiwa nafafanua haki ya kupumzika na kucheza, tukasikia mtu anagonga chuma kwa ndani. Alianza taratibu, kisha kwa viganja vyote viwili. Watoto hawakugeuza vichwa. Walinitazama mimi, wote, wakingoja. Nikainua sauti. Niliendelea kufundisha kwa sauti ya juu mpaka kugonga kulipokwisha, na koo langu liliniuma siku mbili.

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu cha kujifariji, na nilikishika kwa meno: yule msichana yuko salama. Hakuna aliyemjua. Alifanya mtihani wake na wenzake, akapita vizuri, vizuri kuliko nilivyotegemea, hata hesabu. Kila nilipojichukia nilijikumbusha hilo, nalala.

Mwanzoni mwa mwaka alikuja kuchukua karatasi ya matokeo yake. Alikuwa na sare mpya ya sekondari, ndefu kidogo, imenunuliwa ya kukulia. Mwalimu wa nidhamu alikuwa wa kwanza kumpa mkono, akamwambia ameiletea shule heshima, na yeye akamshukuru kwa adabu. Kisha akaingia chumba cha walimu, akanikuta peke yangu na rundo la madaftari. Nitasema ukweli: nilikuwa nimejiandaa kupokea shukrani. Nilikuwa hata nimeshafikiria nitakavyomkatiza, nimwambie si kitu.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikuwa tayari kusema."

"Kusema nini?"

"Mwalimu, usifanye hivyo. Wewe ulijua mwandiko yangu."

Nikaweka kalamu chini. Nje watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanaimba hesabu za mbili. "Wangekufukuza," nikamwambia. "Usingefanya mtihani. Na baba yako, nilimsikia mwenyewe, angekupiga."

"Angepiga," alisema. "Baba anapiga, halafu anaacha. Ile siku nilikusindikiza mpaka geti nikakuuliza. Nilikuwa nimejipanga yote, vile nitasema kwa kamati. Wewe ukasema nisome hesabu."

"Niliogopa kwa ajili yako."

"Hapana, mwalimu." Hakupandisha sauti, alisema taratibu, kama mtu anayemsahihisha mkubwa na hataki kumvunjia heshima. "Uliogopa kwa ajili yako. Mimi sikatai, wewe uko na mtoto. Lakini ungeniuliza. Sasa ile kitu haikufanyika. Ulisema mbele ya watu wote haikufanyika, na wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga."

Nilitafuta neno. Nina diploma ya maneno, na nilitafuta katika Kiswahili chote ninachokijua. Nilichopata ni "pole", na sikuweza hata kulitoa mdomoni kwa sababu lilikuwa dogo mno.

Akaikunja karatasi yake ya matokeo, akaiweka ndani ya bahasha, bahasha akaiweka kwenye mkoba. Kisha akabaki amesimama, mikono nyuma, macho chini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anangoja ruhusa yangu, kama mwanafunzi yeyote anavyongoja mbele ya meza ya mwalimu.

"Nenda," nikamwambia, naye akaenda.